Piperidini, piperazini au mofolini: uchague pete ipi kwa molekuli yako ya dawa?

Ukizichora kwenye karatasi, pete hizi tatu zinakaribia kufanana kabisa. Kila moja ina atomu sita, na kila moja ina nitrojeni inayoweza kuunganishwa na kitu kingine. Tofauti iko upande wa pili wa pete, mkabala na nitrojeni hiyo: piperidini ina kaboni pale, piperazini ina nitrojeni ya pili, mofolini ina oksijeni. Kwa sababu tofauti ni atomu moja tu, watafiti wengi wanaoanza huzitumia kana kwamba ni kitu kimoja. Chupa iliyo karibu ndiyo inayofunguliwa, na sababu za kuichagua zinatafutwa baadaye, wakati wa kuandika ripoti.

Mimi nasema chaguo hili lifanywe mapema, na liongozwe na swali moja: unataka chaji chanya ikae wapi kwenye molekuli yako, na iwe na nguvu kiasi gani? Mengine yote, yaani kuyeyuka kwenye maji, kupenya utando wa seli, usalama wa moyo na hata kazi itakayokusumbua maabarani, kwa sehemu kubwa yanafuata hapo.

Tuanze na namba. Nguvu ya besi hupimwa kwa pKa: inavyokuwa kubwa, ndivyo nitrojeni inavyoing'ang'ania protoni. Piperidini yenyewe ina takriban 11.1, piperazini 9.8 kwa nitrojeni ya kwanza, mofolini 8.4. Nitrojeni ya pili ya piperazini hushuka hadi kati ya 5 na 6, kwa kuwa pete ikishabeba chaji moja haipokei ya pili kwa urahisi. Lakini ndani ya dawa ni nadra kukuta pete hizi zikiwa peke yake. Ukiweka methili (kikundi kidogo cha kaboni moja) kwenye nitrojeni, piperidini inakuwa na karibu 10.1 na mofolini karibu 7.4. Damu ina pH ya 7.4. Maana yake, katika damu, kati ya molekuli 500 za piperidini yenye methili ni kama moja tu isiyo na chaji, ilhali kwa mofolini yenye methili nusu zina chaji na nusu hazina. Piperazini iliyovikwa methili pande zote mbili iko katikati: karibu tisa kati ya kumi zina chaji.

Namba hizo hubadilika ghafla pete inapofungwa moja kwa moja kwenye pete ya aromatiki (kama benzini), kwa sababu jozi ya elektroni za nitrojeni huvutwa kuingia kwenye mfumo wa aromatiki na haipatikani tena kwa protoni. Hapa ndipo piperazini inapotengana na wenzake. Nitrojeni yake moja ikizimwa na pete ya aromatiki, ya pili bado iko hai, ikiwa na pKa inayokaribia 8.7 endapo haijafungwa na kitu. Mofolini ikifungwa hivyo haina nitrojeni ya akiba, na hubaki bila chaji katika damu. Linezolidi, dawa ya bakteria, ni mfano mzuri: mofolini yake imekaa kwenye pete ya benzini yenye fluorini, na pKa yake ni kama 1.8. Kwa hiyo anayesema "nimeweka mofolini ili molekuli iwe besi" aulizwe kwanza ameifunga wapi.

Piperidini: nguvu nyingi, na jicho lisibanduke kwenye moyo

Piperidini kutumika sana si bahati tu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu dawa zilizoidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ulikuta kwamba kati ya pete zote zenye nitrojeni, piperidini ndiyo inayoonekana kwenye dawa nyingi zaidi. Piperazini ilikuwa ya tatu, nyuma ya piridini.

Uzuri wake mkubwa kwangu ni ile kaboni ya nafasi ya nne. Kaboni ina mikono minne, kwa hiyo pale unaweza kuweka vikundi viwili tofauti, au kimoja pamoja na hidrojeni, na umbo la kiti la pete likaelekeza kila kimoja upande wake. Nitrojeni ya piperazini haikupi uhuru huo: inashika kikundi kimoja, na umbo lake hupinduka kwa urahisi.

Kisa cha donepezili, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer iliyotoka kampuni ya Eisai ya Japani, kinaonyesha thamani ya kaboni hiyo. Kundi la Hachiro Sugimoto lilianza na kiambata chenye piperazini iliyobeba benzili, ambacho kilionekana kuzuia kimeng'enya cha asetilikolinesterasi. Walipoitoa piperazini na kuweka piperidini, nguvu ya kuzuia iliruka juu mno. Nitrojeni iliyobaki ni besi kali, inabeba chaji, na chaji hiyo inakaa vizuri katikati ya pango la kimeng'enya ambalo kuta zake zimejaa pete za aromatiki zinazovutia chaji chanya. Dawa iliidhinishwa Marekani mwaka 1996.

Nguvu hiyo hiyo ina gharama, na gharama yenyewe inaitwa hERG. Huu ni mfereji wa potasiamu kwenye seli za moyo unaosaidia pigo kumalizika na moyo kujiandaa kwa pigo lijalo. Ndani yake kuna pete za aromatiki za amino asidi, hasa tirosini ya nafasi ya 652 na fenilalanini ya 656. Molekuli yenye nitrojeni yenye chaji katikati na vikundi vya mafuta (vinavyopenda mafuta kuliko maji) pande zote inaingia humo na kuziba. Tazama dawa tatu zilizoondolewa au kubanwa sana sokoni Marekani kwa kuvuruga mapigo ya moyo: terfenadini mwaka 1998, astemizoli mwaka 1999, sisapridi mwaka 2000. Zote tatu zina piperidini.

Simaanishi kwamba piperidini ni sumu ya moyo. Tatizo ni mchanganyiko: besi kali pamoja na mafuta mengi. Ushahidi ni terfenadini yenyewe. Ini huigeuza kuwa feksofenadini, ambayo ina piperidini ile ile na mifupa ile ile, ila methili moja imekuwa kikundi cha asidi. Asidi hiyo hubeba chaji hasi, molekuli inakuwa na chaji mbili zinazopingana, na haizibi tena mfereji kwa kiwango cha hatari. Feksofenadini bado inatumika kutibu mzio. Kwa hiyo ukichagua piperidini, pima hERG mapema, kabla hujatengeneza viambata hamsini vya familia moja, na uwe na mpango wa kupunguza besi: fluorini kwenye kaboni ya tatu au ya nne, amidi kwenye nitrojeni, au kuhamia mofolini.

Piperazini: nitrojeni mbili, kazi mbili

Ukitaka molekuli iyeyuke kwenye maji bila kuvuruga sehemu inayoshika kimeng'enya, piperazini ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na inastahili. Nitrojeni moja inakuwa kiungo, ya pili inakuwa mkono wa kupokea protoni.

Imatinibu ni somo zima hapa. Watafiti wa Ciba-Geigy, kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Novartis, walikuwa na kiambata kinachozuia kinasi ya BCR-ABL, kimeng'enya kinachochochea aina moja ya saratani ya damu, lakini kilikuwa hakiyeyuki vya kutosha wala hakifyonzwi vizuri kikimezwa. Waliongeza methilipiperazini mwishoni mwa molekuli. Ninachopenda zaidi ni jambo dogo walilolifanya pale: hawakuifunga piperazini moja kwa moja kwenye pete ya benzini, bali waliweka kaboni moja katikati. Sababu ni kwamba nitrojeni iliyo moja kwa moja kwenye benzini ni sura ya anilini, na viambata vya aina hiyo vina uwezekano wa kuharibu jeni. Kaboni moja iliondoa wasiwasi huo, na papo hapo ikaiachia nitrojeni nguvu yake ya besi. Dawa iliidhinishwa mwaka 2001 na ikabadilisha kabisa matibabu ya saratani ya damu aina ya lukemia sugu ya mieloidi.

Piperazini pia ni mahali pazuri pa kufanyia marekebisho madogo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hutengenezwa kwa kuunganisha rifamisini yenye kikundi cha aldehidi na amino-methilipiperazini. Badilisha ile methili ya mwisho kuwa pete ya kaboni tano, unapata rifapentini. Hakuna kingine kilichobadilika, lakini rifampisini hupungua nusu katika damu kwa takriban saa tatu, na rifapentini kwa takriban saa 13. Ndiyo maana rifapentini inaweza kutolewa mara moja kwa wiki katika matibabu ya kinga, jambo ambalo rifampisini haiwezi.

Siprofloksasini, dawa nyingine ya bakteria, nayo ina piperazini isiyofunikwa, yenye hidrojeni kwenye nitrojeni ya nje. Pamoja na kikundi chake cha asidi, molekuli hubeba chaji chanya na hasi kwa pamoja katika pH ya damu. Piperazini ya nafasi ya saba ni moja ya mambo yaliyowapa dawa za kundi hili uwezo dhidi ya bakteria wengi zaidi kuliko asidi ya nalidiksiki iliyotangulia.

Sasa maabarani. Hapa piperazini inasumbua kuliko wenzake wote, na afadhali ujue mapema. Ukichanganya molekuli yenye klorini na piperazini kwa uwiano wa 1:1, nitrojeni zote mbili zitashambulia, na utapata molekuli mbili zilizofungwa pamoja kwa piperazini katikati. Kuna njia mbili za kulikwepa hilo. Ya kwanza ni kuweka piperazini nyingi, mara tatu hadi tano ya molekuli yako, kisha ziada uioshe kwa maji. Ni rahisi na inafaa ukitengeneza kiasi kikubwa. Ya pili ni kununua piperazini ambayo upande mmoja umekingwa kwa Boc (kikundi kinga kinachovuliwa baadaye), kuunganisha upande ulio wazi, halafu kuivua Boc kwa asidi ya trifluoroasetiki au asidi hidrokloriki ndani ya dioksani. Kwa utafiti wa miligramu chache mimi ni wa njia ya pili bila kusita. Muda unaotumia kuvua Boc ni mdogo kuliko ule wa kutenganisha mchanganyiko kwenye silika (unga wa kutenganishia kemikali), ambako amini hizi huburuta mkia mrefu kutoka chini ya bamba hadi katikati, ukashindwa kujua doa lako linaishia wapi. Mkia huo hupungua ukitia triethilamini kidogo, kama asilimia moja, kwenye kiyeyusho, au ukitumia methanoli yenye amonia.

Halafu kuna suala la chupa yenyewe. Piperidini na mofolini ni vimiminika. Unavuta kwa sirinji na kazi imeisha. Piperazini ni yabisi inayoyeyuka kwenye nyuzi 106 hivi, na hunyonya maji na kaboni dioksidi kutoka hewani. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu ina maji na kaboneti ndani, kwa hiyo uzito unaopima si wote piperazini. Na vumbi lake husababisha pumu kwa baadhi ya wanaolivuta kazini, hivyo ipimwe ndani ya kabati la hewa.

Mofolini: besi nyepesi, na oksijeni yenye kazi yake

Watu humkimbilia mofolini pale hERG inapogonga mlango, na ni sawa. Oksijeni huvuta elektroni, nitrojeni inalegea, chaji inapungua, na molekuli inapunguza mafuta pia. Lakini kuichukulia mofolini kama piperidini iliyopozwa ni kuikosea.

Katika vizuizi vya PI3K, kinasi inayohusika na ukuaji wa seli, oksijeni ya mofolini ndiyo ufunguo wenyewe. LY294002, kiambata cha utafiti kilichotoka Eli Lilly mwaka 1994, hushika kimeng'enya kwa njia ambayo picha za fuwele zimeionyesha wazi: oksijeni ya mofolini inafanya bondi ya hidrojeni na valini iliyo kwenye bawaba ya kinasi, pale pale ambapo ATP, molekuli ya nishati ya seli, hukaa. Iondoe oksijeni hiyo na nguvu inapotea. Viambata vingi vilivyofuata katika familia hii, kama buparlisibu na piktilisibu, viliibeba mofolini kwa sababu hiyo. Ukifanya kazi na PI3K au kinasi ndugu yake mTOR, basi, mofolini isiwe ya kujaribu mwishoni. Anza nayo.

Linezolidi inaonyesha upande mwingine. Kampuni ya Pharmacia & Upjohn ilikuwa na ndugu wawili wanaofanana: eperezolidi yenye piperazini na linezolidi yenye mofolini. Dhidi ya bakteria vilikaribiana. Kilichoamua ni mwenendo wake mwilini: linezolidi ilidumu vya kutosha kutolewa mara mbili kwa siku, na karibu yote hufyonzwa na kuingia kwenye damu. Iliidhinishwa mwaka 2000, na eperezolidi ikaachwa. Kumbuka kwamba kwenye linezolidi mofolini haibebi chaji kabisa, kwa hiyo kilichosaidia hapo si besi bali ni pete ndogo isiyo na mafuta mengi wala chaji.

Gefitinibu, dawa ya saratani ya mapafu, ipo katikati. Mofolini yake imening'inia mwisho wa mnyororo wa kaboni tatu, mbali na pete ya aromatiki, kwa hiyo ni besi yenye pKa ya karibu 7.2. Tumboni, kwenye asidi, dawa inayeyuka. pH ikipanda kutoka 4 kwenda 6 umumunyifu unaporomoka. Ndiyo sababu dawa za kupunguza asidi ya tumbo hupunguza ufyonzwaji wake. Besi nyepesi inakupa usalama fulani, na inakunyima umumunyifu pale utumbo unapouhitaji. Kwa molekuli ambayo tayari ni ngumu kuyeyuka, ningeenda na methilipiperazini kwanza.

Udhaifu mwingine wa mofolini uko kwenye ini. Kaboni zilizo jirani na oksijeni na nitrojeni hushambuliwa, pete inafunguka, na mwisho wake ni asidi. Linezolidi hupotea hasa kwa njia hiyo: mofolini inafunguliwa na kutoa asidi mbili zisizoua bakteria. Gefitinibu nayo hukatwa kwenye mofolini. Ukiona kiambata chako kinavunjwa haraka mno kwenye seli za ini, angalia huko kwanza. Mofolini zenye methili kwenye kaboni hizo, au zenye daraja la kaboni ndani ya pete, ni majaribio ya busara. Piperazini na piperidini hazijasalimika: methili ya nitrojeni hukatwa kwa urahisi, na imatinibu hupoteza ya kwake kwa namna hiyo, ingawa kinachobaki bado kina nguvu kama imatinibu.

Nitrosamini

Hili zamani liliachiwa watu wa viwandani. Leo mtafiti hawezi kulikwepa. Amini zote tatu, nitrojeni ikiwa na hidrojeni moja, hukutana na nitriti na kutoa nitrosamini, na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeziweka nitrosopiperidini na nitrosomofolini katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2020 FDA ilitangaza kwamba nitrosamini ya methilipiperazini imekutwa kwenye rifampisini, na ile yenye pete ya kaboni tano kwenye rifapentini. Kikomo kinachokubalika kwa rifampisini kilikuwa 0.16 ppm (sehemu kwa milioni), lakini FDA iliruhusu kwa muda hadi 5 ppm, kwa sababu kuwanyima wagonjwa wa kifua kikuu dawa kungekuwa na madhara makubwa zaidi.

Kwenye kipengele hiki sioni pete inayoshinda. Kinachotofautiana ni njia ya usanisi. Ukiiweka amini hatua ya mwisho kabisa, mabaki yake yanabaki kwenye bidhaa. Ukiiweka mapema, hatua zinazofuata na usafishaji kwa fuwele zitayaosha. Na hatua yenye nitriti isiwe karibu na hatua yenye amini, hata kwa kutumia tena kiyeyusho kilichorejeshwa.

Zikitumika kama vitendanishi tu

Wapo wanaozihitaji pete hizi bila nia ya kuziacha ndani ya molekuli. Katika usanisi wa peptidi (minyororo ya amino asidi) kwa njia ya Fmoc, kikundi kinga kiitwacho Fmoc huvuliwa kwa besi, na kawaida ni asilimia 20 ya piperidini ndani ya kiyeyusho cha DMF. Piperidini hufanya kazi mbili: inakivua kikundi, kisha inakikamata kipande kilichotoka kisirudi kushika peptidi. Kwa valini yenye Fmoc, nusu ya kazi humalizika kwa sekunde kama 6. Mofolini ya asilimia 50 huhitaji kama dakika nzima. Mofolini ni nyepesi mno kwa matumizi ya kila siku, ila inafaa pale kuna kikundi kingine kinachoogopa besi kali, kama sukari zilizofungwa kwenye peptidi.

Piperazini hapa ni mshindani wa kweli. Ni besi laini kuliko piperidini, kwa hiyo hupunguza kosa linalojulikana la asidi ya aspatiki kujikunja na kuwa aspartimidi, hasa inapofuatwa na glisini. Zaidi ya hayo, piperidini imo katika Jedwali la II la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kuhusu dawa za kulevya, hivyo kuinunua huhitaji vibali na kumbukumbu za matumizi katika nchi nyingi. Piperazini haimo kwenye jedwali hilo. Kasoro yake ni kwamba haiyeyuki vizuri kwenye DMF peke yake. Ongeza asilimia 10 ya ethanoli, itayeyuka. Kwa peptidi yenye aspatiki na glisini zinazofuatana ningeitumia piperazini moja kwa moja. Kwa peptidi fupi isiyo na mfuatano huo, kama kibali kipo, piperidini inakumalizia kazi mapema zaidi.